Namna ya Kupata Daraja la Kwanza Ukakosa Kozi

Kukosa chuo kwa kufeli hakuhitaji mwongozo. Mtoto asiposoma anapata sifuri, na habari inaishia hapo. Ufundi uko kwingine: mtoto afike kidato cha sita, matokeo yatoke mazuri, mtaa upige vigelegele, shangazi wa Tanga apigiwe simu usiku usiku, kisha kabla wiki mbili hazijaisha ijulikane kwamba kozi aliyokuwa akiitaja tangu darasa la tano haimtaki. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa siku moja. Inataka maandalizi ya miaka minne, mitano, na ushirikiano wa ukoo mzima. Familia nyingi za Tanzania zimekuwa zikiifanya vizuri bila kufundishwa na mtu. Maelekezo haya ni kwa waliobaki.

Kidato cha pili kipite kimya

Iaminishe nyumba nzima kwamba mambo huamuliwa kidato cha nne. Kidato cha pili ni cha kukua tu, sauti ibadilike na suruali ziongezwe urefu. Mtihani wa upimaji upo, lakini ni wa kupima, na kitu cha kupima hakimtishi mtu.

Ukishaliamini hilo, hutajua kinachotokea Januari inayofuata. Kwa utaratibu ambao wengi wetu tumepitia, masomo saba hayakwepeki: Hisabati, Baiolojia, Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia. Fizikia na Kemia mwanafunzi anaweza kuyaacha akiingia kidato cha tatu. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na baadhi ya masomo yamebadilika. Usihofu, nafasi ya kukosea imebaki palepale.

Tukio lenyewe halina sherehe. Mwalimu wa taaluma anaingia darasani na karatasi, anasoma majina mawili matatu, anachoka, anasema: "Wanaoendelea na sayansi wabaki hapa. Wengine bebeni viti, mhamie chumba cha pili." Viti vinaburuzwa. Mmoja anaondoka kwa sababu rafiki yake ameondoka. Mwingine anamfuata mwalimu wa Historia ambaye hachapi. Wa tatu alikuwa anaipenda Fizikia, lakini mwalimu wake alihamishwa mwezi wa nane na mwingine hajaletwa, na jengo la maabara, mojawapo ya yale yaliyochangiwa na wananchi enzi za Rais Kikwete ilipoagizwa kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, linatunza madawati mabovu. Naye anabeba kiti. Dakika kumi hazijaisha, madaktari wawili, mfamasia mmoja na wahandisi kadhaa wameshatoka mlangoni na viti vichwani, na mwalimu anafuta ubao aanze kipindi.

Jioni hiyo mzazi wa mfano huuliza swali moja tu: "Mtihani wa upimaji ulishika namba ngapi?" Akijibiwa ya thelathini, hufoka. Akijibiwa ya tatu, hutoa soda. Kwamba huyo wa tatu ameacha Kemia leo asubuhi, hataulizwa, wala yeye hatasema.

Wapo wazazi wasioweza kukaa kimya, na hao pia wana njia yao. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kikao kiitwe. Baba mkubwa akae kiti cha pembeni ya redio, baba mdogo asimame mlangoni, mtoto awekwe kwenye kigoda. Ana A ya Historia, A ya Kiswahili, na Fizikia yake imesimama kwenye C ya kusukumwa. Baba mkubwa akohoe, aseme: "Ukoo huu ni wa sayansi." Asiwepo wa kuuliza lini, kwa maana mwanasayansi pekee anayejulikana katika ukoo ni mjomba aliyewahi kusimamia duka la dawa baridi. Mtoto aandikiwe PCM, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Miaka miwili baadaye atarudi na S mbili na F moja, na kikao kiitwe tena kujadili ni nani aliyemroga.

Jambo la msingi katika njia zote mbili ni moja: mtoto asiulizwe anataka kuwa nani kwa namna inayohitaji jibu. Akiulizwa mbele ya wageni inatosha. Atasema rubani, wageni watacheka, na chakula kitaletwa.

Hisabati ni ya wahindi na vichaa

Chuki ya Hisabati hairithiwi kwa damu, inafundishwa mezani, na somo lenyewe ni fupi. Mtoto akileta F, mwambie: "Hata mimi nilipata F, mbona tunakula?" Sentensi hiyo imefanya kazi kubwa katika nchi ambayo kwa miaka mingi waliofeli Hisabati kidato cha nne wamekuwa wengi kuliko waliofaulu.

Uzuri wa F ya Hisabati ni kwamba haiumi hapo hapo. Mtoto anaweza kuwa nayo na bado akapata daraja la kwanza au la pili kwa masomo mengine, akapangiwa HGE kidato cha tano, akasoma Historia, Jiografia na Uchumi kwa raha zake. Maumivu huja baadaye, anapotaka shahada ya uchumi, biashara au uhasibu. Humo, katika safu ya masharti, vyuo vingi vimeandika kitu kama hiki: kama huna Hisabati ya juu ya kidato cha sita, basi uwe na angalau ufaulu mdogo wa BAM, ile Hisabati ya ziada inayosomwa pembeni ya tahasusi, au uwe ulifaulu Hisabati ya kidato cha nne. Kijana ana B ya Uchumi, anaweza kukueleza mfumuko wa bei mpaka usinzie, na anazuiwa na mtihani alioufanya akiwa na miaka kumi na sita.

Kwa hiyo ukipata nafasi, idharau BAM pia. Mwambie haihesabiki kwenye daraja. Ni kweli haihesabiki. Ndiyo maana inafaa sana kwa shughuli yetu.

Selfomu ijazwe steshenari

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Baadaye TAMISEMI hufungua mfumo wa selfomu ili mwanafunzi aweze kubadili tahasusi alizojaza akiwa shuleni, kulingana na alama alizopata. Dirisha hilo hukaa wazi kwa wiki kadhaa. Wiki za mwanzo zitumie kushukuru. Za katikati zitumie kulinganisha na mtoto wa jirani. Siku ya mwisho, jioni, umeme ukiwa unakatika na kurudi, mpeleke mtoto kwenye steshenari ya karibu, ile yenye mashine ya kutoa kopi na friji ya maji. Mazungumzo yatakwenda yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tunataka ile ya udaktari."

"PCB hiyo. Fizikia amepata ngapi?"

Mama anamgeukia mtoto. Mtoto anaangalia friji. "D."

"Hapo haikubali, mama."

"Sasa ipi inayofanana nayo?"

Kijana wa steshenari anashusha kipanya taratibu. "CBG. Kemia imo, Baiolojia imo."

"Na hiyo G?"

"Jiografia."

Mama anafikiri kidogo. "Haina neno. Hata daktari husafiri."

Elfu mbili inalipwa, karatasi inatolewa, wanarudi nyumbani. Miaka miwili mtoto anaitwa Dokta na nyumba nzima. Mdogo wake anamletea vidole vilivyokatwa na wembe avitazame. Hakuna hata mtu mmoja aliyefungua masharti ya udaktari wa binadamu kwa vyuo vyetu, ambayo yanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, za kidato cha sita. Jiografia haipokelewi badala ya Fizikia, hata kama mtu amepata A.

Naomba CBG isitukanwe hapa. Ni tahasusi nzuri kabisa, inampeleka mtu kwenye kilimo, misitu, mazingira, ualimu wa sayansi, na wenye akili zao huichagua kwa kuitaka. Kosa si lake kwamba imekuwa chumba cha kusubiria cha watu waliokosa PCB.

Vivyo hivyo PCB isidhaniwe kuwa ufunguo wa kila mlango wenye neno sayansi. Uhandisi unataka Fizikia na Hisabati ya juu. Mtoto wa PCB anayetaka kujenga madaraja anaweza kupata A tatu, na bado wakamwambia asante, jaribu kwingine. Kama lengo ni kumpotezea mtoto mwelekeo, mpe PCB kwa maelezo kwamba "ukiwa na PCB unasoma chochote." Maelezo hayo yana umri wa miaka mingi na yanaendelea kufanya kazi.

Zamani kazi hii ilikuwa na mipaka, kwa maana tahasusi zenyewe zilikuwa chache: PCM, PCB, PGM, CBG, EGM, HGL, HKL, HGK, HGE, ECA na nyingine za kuhesabika. Mwaka 2024 Serikali ikatuongezea uwanja. Tahasusi zikafika 65 kutoka 16, zimo za biashara, za lugha kama Kichina na Kiarabu, za sanaa, muziki, michezo na elimu ya dini. Mtu mwenye bidii anaweza sasa kukosea kwa namna nyingi zaidi. Ushauri wangu ni kuchagua kwa mlio wa herufi. Soma orodha kwa sauti, herufi zitakazotoka mdomoni kwa heshima ndizo hizo hizo. Usiulize ni shule gani zinafundisha hiyo tahasusi, wala kama mwalimu wake yupo au bado anatafutwa.

Hesabu mbili zisikutane

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baraza la Mitihani linahesabu kwa kushuka. Kidato cha sita, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Ukijumlisha masomo matatu ya tahasusi, pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Kidogo ndicho kikubwa.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kwa kupanda. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Kikubwa ndicho kikubwa. Shahada nyingi zinataka masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, ambayo kwa pamoja yafike pointi 4; na masomo hayo mawili si yoyote unayoyapenda, ni yale yaliyotajwa na kozi yenyewe.

Sasa chukua watoto wawili wa PCB, wa nyumba zinazotazamana. Wa kwanza ana A ya Fizikia, C ya Baiolojia na E ya Kemia. Baraza linajumlisha 1, 3 na 5: pointi 9, daraja la kwanza. Kwao kunapikwa pilau. Wa pili ana D, D, D. Baraza linajumlisha 12, daraja la pili kwa kubana. Kwao mama anapita uani akienda dukani asikutane na watu.

Kiwango cha chini cha kuomba udaktari wa tiba kwa mujibu wa TCU ni hiki: ufaulu katika masomo yote matatu, jumla isipungue pointi 6, Kemia na Baiolojia kila moja isiwe chini ya D, Fizikia inaweza kushuka mpaka E. Yule wa D tatu ana 6 kamili na kila somo limekaa mahali pake, kwa hiyo kwenye karatasi anakidhi. Yule wa pilau ana pointi 9 hata kwa hesabu ya TCU, ametimiza jumla na kuzidi, lakini Kemia yake ni E. Hakidhi. Angekuwa na alama hizo hizo, ila A iwe ya Kemia na E iwe ya Fizikia, angekidhi.

Kwa haki niseme kwamba kiwango cha chini kinampa mtu haki ya kuomba tu, hakimpi kiti. Muhimbili nafasi zinagombewa, na D tatu haziendi mbali pale. Lakini haki ya kuomba ndiyo inayozungumzwa hapa, na wa daraja la kwanza hana.

Mzazi anayetaka kulinda siri hii azungumzie daraja tu. "Amepata divisheni wani." Basi. Asiyeuliza ni wani ya ngapi na ya masomo yapi atafika salama mpaka Julai.

Mshauri awe amemaliza zamani

Kila ukoo una mtu aliyewahi kufika chuo kikuu. Huyo ndiye afuatwe, na kadiri alivyomaliza zamani ndivyo anavyofaa. Aliyeomba 2012 atakueleza mfumo mmoja wa pamoja wa TCU, ambao ulianza 2010, ukakugawia chuo ukiwa umelala. Ulikoma 2017, siku hizi mwombaji anaomba kwenye vyuo vyenyewe. Aliyemaliza 2014 au 2015 atakuambia habari za GPA na B plasi, vitu ambavyo vilipita kama mvua za mchoo kabla Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, hajarudisha madaraja mwaka 2016. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake. Wakae pamoja sebuleni, wasikilizwe kwa zamu.

Asisikilizwe mwalimu wa shule. Ni kweli baadhi yao wanaujua utaratibu wa mwaka huu, lakini wao wanaishi kwa mshahara, na mtu wa mshahara atakushauri nini?

Na usifungue kitabu cha TCU. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoweza kuharibu mpango wote huu. Kila mwaka Tume hutoa mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza na kuuweka kwenye tovuti yake, bure, mmoja kwa wanaotoka kidato cha sita, mwingine kwa wenye stashahada. Ndani yake kila chuo kimepangwa, kila kozi imeandikwa, na mbele yake kuna masharti, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Mtu anaweza kukaa nao saa moja tu akajua mtoto wa kidato cha pili asiache somo gani. Kwa bahati nzuri umeandikwa kwa Kiingereza, una kurasa nyingi na maandishi yake ni madogo. Waambie watu hivyo hivyo. Mtu mmoja mmoja atajaribu, atafika chuo cha pili kwa mpangilio wa alfabeti, atafunga simu aangalie mpira.

Ambaye hataki kuacha kabisa, mwelekeze kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Huko atapata picha ya ukurasa mmoja wa mwongozo wa miaka minne iliyopita, imekatwa upande wa kulia, penye masharti.

Majina na vyeti

Jambo hili ni dogo na watu hulipuuza, kumbe lina nguvu peke yake. Hakikisha mtoto ana majina zaidi ya aina moja. Cheti cha kuzaliwa kiseme Khadija, shule ya msingi imwandikishe Hadija, na cheti cha kidato cha nne kiongeze jina la babu ambalo halipo popote. Miaka yote ya shule hakuna atakayesumbuka. Bodi ya Mikopo ndiyo itakayosumbuka, kwa sababu cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, na majina yasipolingana utaanza safari ya kiapo, wakili, na kuambiwa urudi kesho.

Mkopo wenyewe uombwe baada ya majibu ya chuo kutoka. Utakuta dirisha limefungwa, kwani maombi ya mkopo yana ratiba yake na hayasubiri udahili.

Kuna baraka nyingine ya msimu huo. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na miezi ya kambi hukutana na miezi ya matokeo na maombi ya vyuo. Mtoto yuko kambini, anakimbia mchakamchaka alfajiri, simu haipo mkononi. Nyumbani binamu anamjazia. Binamu ni mtu mwema, ana bando, ana haraka. Atachagua chuo kwa picha ya lango lake na kozi kwa urefu wa jina. Mtoto atarudi amenyoa, mkakamavu, ana sauti ya kutoa amri, amechaguliwa kusoma shahada ambayo hajawahi kuisikia katika mji ambao hajui basi lake linapandiwa wapi.

Akibahatika kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu kwa pamoja, asithibitishe hata kimoja. Mfumo unamtaka achague kimoja na kuthibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya siku zilizopangwa. Yeye anyamaze, wambembeleze. Na laini iliyotumika kujisajili iwe ya binamu, ambaye ameshaibadilisha.

Stashahada ni aibu

Tuseme yote yamekwenda kama tulivyopanga. Mtoto ana cheti kizuri na hana kozi. Hapo atatokea mtu mmoja, mara nyingi mama mkwe wa mtu, na kusema: "Si apitie diploma?" Mnyamazishe haraka. Sema ukoo wenu hausomi diploma.

Usipomnyamazisha, mazungumzo yatafika pabaya. Itajulikana kwamba mwenye stashahada ya fani husika, yenye GPA kuanzia 3.0, anaweza kuomba shahada, na kwamba wapo madaktari na wahandisi kazini leo waliopita huko na hawaoni haya. Itajulikana pia kwamba Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi ya kumvusha aliyekosa pointi. Mambo ya namna hii yakianza kusemwa mbele ya mtoto, atapata matumaini.

Hata hivyo kama ulizingatia sehemu ya kwanza ya mwongozo huu, huna haja ya kuogopa sana. Stashahada ya utabibu nayo inaangalia matokeo ya kidato cha nne, na inataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia humo. Aliyebeba kiti Januari ile ya kidato cha tatu hana Fizikia ya kuonyesha, wala ya D. Njia imezibwa huku na huku. Akitaka kuifungua itabidi arudi kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akae na vijana wanaomwita kaka, asome kwenye kitabu kile kile namna maji yanavyochemka.

Wapo wanaofanya hivyo, na wapo wanaofaulu. Wengi hawarudi. Wanachukua kozi iliyobaki, wanaisoma bila kinyongo kikubwa, na ukiwauliza walitaka kuwa nani wanakujibu kwa ufasaha kabisa, mpaka na idara.

Ikiwa umesoma mpaka hapa na hukusudii kuyafuata maelekezo haya, na una mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili, kitabu cha TCU cha mwaka huu kipo kwenye tovuti yao. Tafuta kozi tatu anazozitaja, si zako. Soma safu ya masharti mkiwa wote wawili, uandike masomo yake kwenye karatasi, uibandike ukutani. Kisha nenda shuleni ukamwone mwalimu wa taaluma kabla ya likizo ya Desemba. Ofisi yake huwa wazi, na mara nyingi haina foleni.